Gitaa Likivuma: Tafuteni Kelele Kabla ya Kununua Lingine

Kikundi kimoja cha vijana kilikuwa karibu kufanya harambee ya kununua gitaa. Gitaa la stima walikuwa nalo tayari, la mitumba lakini zuri, ila walituambia limeharibika. Likichomekwa tu linavuma kama mzinga wa nyuki, na kwaya ikianza kuimba mvumo ule unawafunika akina mama wa safu ya mbele. Halafu, kama jambo la kuchekesha, mmoja wao akaongeza kwamba mpiga gitaa akiimba huku anapiga, mikrofoni "inambusu" na midomo inamwasha.

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka. Tuliwaomba waache harambee kwanza, na wasiliguse gitaa lile likiwa kwenye stima mpaka tulione. Ndiyo sababu ya makala haya. Vikundi vingi hapa kwetu vina vyombo vya muziki vilivyonunuliwa kwa jasho, na chombo kikianza kupiga kelele watu hukimbilia mambo mawili: kununua kingine, au kumwita mtu "anayejua stima" aje akate waya fulani. La kwanza linamaliza pesa. La pili linaweza kumuua mtu.

Kelele inaingilia wapi

Ndani ya gitaa la stima hakuna mashine kubwa. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Mafundi huita kifaa hicho pikapu (usifikirie gari la kubebea mboga). Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, stima kidogo sana huzaliwa katika waya ule, mara nyingi haifiki hata volti moja. Amplifaya ndiyo inayoikuza mpaka iweze kusukuma spika. Taabu ni kwamba waya uliozungushwa hauchagui. Unapokea mtetemo wa uzi, na unapokea pia mvumo wa stima iliyo ukutani, kwenye taa, na kwenye transfoma ya amplifaya yenyewe. Amplifaya nayo haichagui, inakuza yote.

Stima yetu ya Kenya ni volti 240 na huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo wake una sauti moja isiyopanda wala kushuka. Anayepiga gitaa la besi anaweza kuutambua kwa urahisi: abonyeze uzi mnene kabisa kwenye kichuma cha tatu cha shingo, atapata sauti ya mitetemo 49, ambayo ni karibu sawa. Gitaa la kawaida mahali pale pale hutoa 98, na hiyo iko karibu na mvumo wa 100 ambao hutoka ndani ya amplifaya yenye kapasita zilizochoka. Kelele yako ikilingana na sauti hizo, mshuku stima. Ikiwa inakwaruza, au inasema shhh kama mafuta kwenye karai, au inaleta habari za saa moja kutoka redio, huo ni ugonjwa mwingine.

Kuna magitaa yanayovuma kwa kuzaliwa. Pikapu nyembamba za safu moja huvuma kidogo hata zikitoka dukani zikiwa mpya. Mwaka wa 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aliomba hataza ya pikapu yenye mizingo miwili ya waya. Mzingo wa pili umegeuzwa, waya wake na sumaku yake, hivyo mvumo unaoingia kwenye mmoja unafutwa na ule wa mwenzake, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Pikapu pana ya safu mbili huwa ya namna hiyo. Ni vizuri kujua mapema gitaa lenu ni la aina gani, msije mkamlaumu fundi bure.

Waya wa kijani na manjano

Kabla ya kupima kitu kingine chochote, angalia ethi. Plagi zetu zina miguu mitatu. Ule mkubwa wa juu ndio wa ethi, na kwake hufungwa waya wa kijani wenye mstari wa manjano, ambao kazi yake ni kupeleka ardhini stima iliyopotea njia. Nyuzi za gitaa, kupitia waya wa gitaa, zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi hiyo imeunganishwa na ethi. Maana yake ni kwamba mpiga gitaa, apende asipende, ameishika amplifaya kwa mikono yote miwili. Ethi ikiwa nzima yuko salama, na kelele nyingi hupungua. Ethi ikikatika bodi inabaki ikielea, na stima inayovuja ndani ya amplifaya hutafuta njia nyingine ya kufika chini. Mikrofoni ya miksa yenye ethi nzuri ni njia ya kufaa sana. Katikati yuko mtu.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Mwaka wa 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, huko Wales, aliposhika mikrofoni huku ana gitaa mkononi. Ethi haikuwa sawa. Alikuwa mwanamuziki wa kazi, si mwanafunzi. Midomo kuwasha ni stima hiyo hiyo ikipiga hodi.

Hapa kwetu ethi hukatwa kwa njia nyingi, na mara nyingi bila nia mbaya. Amplifaya ya mitumba inakuja na plagi ya Ulaya ya miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu hazifunguki mpaka mguu wa juu uingie, basi mtu anachukua kalamu au kijiti, anasukuma tundu la juu, anaingiza ile plagi kwa nguvu. Amplifaya inawaka na watu wanapiga makofi. Lakini ethi yake, ambayo kwa plagi nyingi za Ulaya iko kwenye vibati vya pembeni, haijagusa chochote. Mwingine anaunda ekstensheni kwa waya wa nyuzi mbili, ule wa taa. Nje inapendeza, plagi ya miguu mitatu, kumbe ndani mguu wa tatu uko hivi hivi tu. Tena kuna wale wanaokata ethi kwa makusudi, kwa sababu ni kweli kwamba wakati mwingine mvumo hupotea ukifanya hivyo. Tutaeleza sababu yake hapo mbele, na dawa yake iliyo halali.

Kwa hiyo chomoa plagi, ifungue kwa bisibisi, uangalie kwa macho yako: waya tatu, kila mmoja mahali pake, skrubu zimekaza, na fyuzi ni fyuzi kweli, si msumari wala karatasi ya sigara. Fanya vivyo hivyo kwa ekstensheni, upande huu na upande ule. Soketi ya ukutani mwachie fundi wa stima mwenye leseni (siku hizi leseni hizo hutolewa na EPRA), apime kama ethi ya jengo inafika ardhini kweli, kwa maana kuwa na matundu matatu si ushahidi. Mwulize pia habari ya ile swichi ya usalama inayokata stima yenyewe ikivuja kiasi cha miliampia 30. Haifikii bei ya gitaa.

Na kama amplifaya imetoka Marekani, soma nyuma yake ni ya volti ngapi. Ile ya volti 120 ukiichomeka hapa hutahitaji kutafuta kelele, itanyamaza yenyewe kwa moshi.

Kutafuta bila kubahatisha

Ethi ikishakuwa sawa, kazi inayobaki ni ya subira. Kosa la watu wengi ni kubadilisha vitu vitatu kwa mara moja, kelele ikapungua, na hakuna anayejua ni kipi kilichosaidia. Badilisha kimoja, sikiliza, kisha uende kwa kingine.

Anza kwa kulipiga gitaa bila stima kabisa. Tumeona fundi akifungua amplifaya kwa sababu ya kelele ambayo ilikuwa ni uzi unagonga vichuma vya shingo. Kama inalialia likiwa kavu, dawa ni kuinua nyuzi kidogo au kunyoosha shingo, na hakuna waya utakaoisaidia.

Sasa washa amplifaya peke yake, bila kuchomeka kitu, upandishe volyumu. Ikivuma sana hapo, gitaa halina hatia. Ikinyamaza au ikisema shhh kidogo tu, endelea. Usichomeke waya wa gitaa ukiwa mtupu ukadhani umepata mwizi, maana waya ulioachwa wazi upande mmoja hunguruma kwa nguvu hata ukiwa mpya. Chomeka pande zote mbili, halafu punguza volyumu ya gitaa mpaka sifuri. Kelele ikibaki vile vile, mshuku waya au amplifaya. Ikipotea, inatoka kwenye gitaa lenyewe au inaingia kwa njia ya hewa.

Ya hewani ina dalili yake. Simama na gitaa, pandisha volyumu, ugeuke polepole kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Mvumo ukipungua upande fulani na kuongezeka upande mwingine, pikapu inanasa kitu kilicho karibu. Mara nyingi ni transfoma ya amplifaya yenyewe kwa sababu mpiga gitaa ameikalia! Sogea hatua mbili tatu. Zima taa za mrija, zima ile taa yenye kifundo cha kupunguza mwanga, chomoa chaja za simu za bei rahisi zilizojaa kwenye ekstensheni hiyo hiyo, moja moja, huku ukisikiliza. Simu ya mkononi juu ya amplifaya hutoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki kabla haijaita. Iweke mbali.

Kisha gusa nyuzi kwa kiganja. Kelele ikipungua, hiyo ni hali ya kawaida: mwili wako ulikuwa unakusanya kelele na sasa umeunganishwa na ethi. Isipobadilika unapogusa nyuzi, lakini inapungua unapogusa chuma cha jeki, basi ule waya mdogo unaounganisha nyuzi na ethi ndani ya gitaa umekatika, kwa kawaida pale chini ya daraja la nyuzi. Ikiongezeka unapogusa chuma, pengine mtu alisolda waya za jeki kinyume. Yote mawili ni kazi ya dakika chache kwa kijana yeyote wa jua kali mwenye chuma cha kusolda.

Waya wa gitaa ndio mgonjwa wa kila siku. Ndani yake kuna uzi mmoja wa kubeba sauti, na kuuzunguka pote kuna wavu wa shaba unaozuia kelele isiingie. Wavu huo hukatika pale shingoni mwa jeki kwa sababu tunauvuta, tunaukanyaga, na tukimaliza tunaufunga kiwikoni kama kamba ya ng'ombe. Utikise karibu na jeki huku amplifaya imewaka kwa sauti ndogo. Ukikwaruza au sauti ikakatika-katika, fungua jeki, kata kipande kilichochoka, solda upya. Usitumie waya wa spika badala yake. Unafanana kwa nje, lakini hauna wavu, nao utavuma hata uufanyeje. Vile vile usiunganishe amplifaya na spika kwa waya wa gitaa, kwa sababu ni mwembamba mno kwa kazi hiyo, hupata joto na unaweza kuiharibu amplifaya.

Mkwaruzo unaotokea tu ukizungusha kifundo ni vumbi. Dawa ya kupuliza ya kusafisha swichi, kidogo tu, halafu uzungushe mara ishirini hivi kila upande.

Tulisema tutarudi kwa wale wanaokata ethi. Amplifaya ikichomekwa soketi ya mbele, na miksa soketi ya nyuma kabisa, kisha zikaunganishwa kwa waya wa sauti, ethi inakuwa na njia mbili, nazo hufanya duara. Stima kidogo huzunguka katika duara hilo na kuvuma. Ukikata mguu mmoja wa ethi duara linavunjika na mvumo unanyamaza, na papo hapo umetega mtego tulioueleza juu. Dawa halali ya kwanza haina gharama: leta vyombo vyote kwenye soketi moja, kwa ekstensheni moja nzuri, mradi fyuzi yake ya ampia 13 haizidiwi. Kama mvumo unabaki, nunua kisanduku cha DI chenye transfoma na swichi ya kutenga ethi. Swichi ile hutenga waya wa sauti peke yake, ethi ya plagi inabaki salama.

Kisanduku hicho kina faida nyingine. Vikundi vingi havina amplifaya ya gitaa, hivyo huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa. Pikapu zinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Mlango wa kawaida wa miksa uko chini sana, sauti inaingia ikiwa dhaifu na butu, fundi wa mitambo anapandisha, na kelele inapanda nayo.

Sauti inapopasuka

Si kila kupasuka ni kosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Nashville, chombo kibovu katika meza ya kurekodia kilikwaruza gitaa la Grady Martin katika wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry. Waliuacha vile vile, watu wakaupenda, na kufikia mwaka wa 1962 Gibson walikuwa wanauza kisanduku cha kutengeneza mkwaruzo huo kwa makusudi. Lakini gitaa letu la benga, lile la kina D. O. Misiani na Shirati Jazz, linataka kila uzi usikike kama tone la maji kwenye sufuria. Hapo kupasuka kusikotakiwa kunaharibu kila kitu.

Kwa kawaida tumepandisha mno mwanzoni na kushusha mno mwishoni. Pandisha volyumu ya gitaa karibu yote, kisha ule mlango wa kwanza wa amplifaya au miksa uupandishe mpaka taa nyekundu iwake, urudi nyuma kidogo. Sauti ya ukumbi itokane na kifundo cha mwisho. Ikiwa gitaa au pedali inatumia betri ya volti 9, jaribu betri mpya kabla ya kufungua chochote. Wengi hawajui kwamba katika vyombo hivyo jeki ndiyo swichi: ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, asubuhi betri imekufa.

Spika ina namna yake ya kulia. Hupasuka kwa noti fulani tu, hasa za besi. Zima, uweke viganja viwili juu ya karatasi yake, uisukume ndani taratibu na kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, mzingo wake unasugua. Mpasuko mdogo wa karatasi unaweza kuzibwa kwa gundi laini na karatasi nyepesi, na utadumu muda.

Penye jenereta au inverta ya sola, mambo ni mengine. Inverta za bei rahisi hazitoi stima laini kama ya ukutani, zinatoa ya ngazi-ngazi, nayo husikika kama nzi kwenye chupa. Ile ya wimbi laini ni ghali zaidi lakini huponya. Jenereta ikizidiwa, volti hushuka na sauti hupasuka kila kwaya ikifika kibwagizo. Punguza mzigo, na birika la chai lisiwe kwenye laini moja na muziki.

Amplifaya yenyewe usiifungue. Kapasita zake hushika stima hata baada ya kuchomolewa, na zile za valvu hushika volti mia kadhaa. Hapo mpelekee fundi, umweleze ulichokwisha kupima, utamwokolea nusu ya kazi.

Wale vijana tuliwakuta na ekstensheni ya waya wa nyuzi mbili, iliyotengenezwa na mwenzao kwa nia njema kabisa. Tuliifungua mbele yao wakaona wenyewe ule mguu wa tatu usio na waya. Walinunua waya wa nyuzi tatu mita kumi, fundi akapima soketi, na midomo haijawasha tena. Mvumo ulipungua zaidi ya nusu siku hiyo hiyo. Uliobaki ulikuwa kwenye shingo ya jeki, wavu umekatika. Bado linavuma kidogo sana, maana pikapu zake ni zile za safu moja, na mpiga gitaa amejifunza kusimama akiipa amplifaya ubavu. Pesa za harambee walizokuwa wameanza kukusanya wamenunulia kisanduku cha DI na waya wa akiba, na chenji iko kwa mweka hazina.